Nyota Tano za Mtu Mwingine

Maoni yale bado yako mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuyasoma. Yaliandikwa na bwana mmoja wa Ujerumani aliyekaa siku tisa na mkewe kwenye fleti ya vyumba viwili huku Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Anasema mwenyeji wao aliwapokea stesheni ya Miritini treni ya usiku ilipoingia, hata adhana ya alfajiri haijatolewa. Akawapandishia mizigo hadi orofa ya nne kwa sababu lifti ilikuwa imekwama. Akawaletea mahamri na mbaazi. Na usiku wa nne, mke wake aliposhikwa na pumu, mwenyeji alifika mbio, akatafuta gari, akakaa nao hospitalini mpaka kukapambazuka. Anamalizia kwa kusema kwamba katika safari zake zote hajaona ukarimu kama ule. Nyota tano.

Kila alichosema ni kweli, isipokuwa jina. Mwenyeji anayeshukuriwa pale, ambaye picha yake amevaa miwani ya jua iko juu ya tangazo, usiku ule alikuwa amelala kwake Nairobi. Nilimpigia simu mara tatu. Hakushika. Saa mbili asubuhi akanitumia ujumbe: "Wako sawa? Hawataandika vibaya?"

Aliyebeba mizigo ni mimi. Aliyeshika pasipoti na mfuko wa dawa kwenye benchi la hospitali ni mimi. Mahamri na mbaazi nilinunua kwa pesa yangu, shilingi 150, na sikurudishiwa kwa sababu sikuwa na risiti. Hebu niambie, ushawahi kuona mama muuza mahamri akitoa risiti?

Siandiki haya ili nipewe zile nyota. Kazi ile nimeshatoka. Naandika kwa sababu kuna neno letu moja limechukuliwa mchana kweupe, na mimi mwenyewe nilisaidia kulibeba. Neno lenyewe ni mwenyeji.

Nilitoka chuo kikuu mwaka wa tatu, muhula wa kwanza, karo ikiwa imenishinda. Nikarudi Mombasa na laptopu yenye ufa kwenye kioo na Kiingereza cha kutosha kuuza. Nikawa naandika chochote kinacholipwa: barua za watu za kuomba kazi, wasifu wa marehemu kwa ajili ya mazishi, na insha za wanafunzi wa ng'ambo, ambazo sijivunii. Siku moja rafiki wa rafiki akaniunganisha na mtu mwenye fleti Bamburi aliyetaka tangazo la Kiingereza kitamu. Shilingi 500. Nikamwandikia. Likampendeza, akasema, "Kwani wewe uko Mombasa? Huwezi pia kuwafungulia wageni mlango?"

Kufungua mlango kukawa miezi 14.

Kwanza niseme kitu kuhusu majina. Kenya tunaita kila nyumba ya kukodisha kwa siku "Airbnb", hata kama haimo kwenye programu hiyo, kama tunavyoita kila sabuni ya unga "Omo". Kwa hiyo nisieleweke kuwa nagombana na kampuni moja. Nagombana na mtindo mzima, ambao una programu nyingi, kurasa za Instagram, vikundi vya WhatsApp na madalali wa mdomo mtupu.

Sasa hesabu. Fleti ilikuwa inakodishwa shilingi 6,500 kwa usiku. Mwezi mzuri ilijaa usiku 20, mwezi wa Desemba zaidi ya hapo. Juu yake mgeni alilipa ada ya usafi ya shilingi 2,000 kila alipoingia, ameandikiwa hivyo wazi kwenye bili yake: ada ya usafi. Mimi nilipata shilingi 12,000 kwa mwezi, na kwa kila usafi shilingi 300 za sabuni na kufua shuka. Kutoka kwa hizo 300, mimi nilikuwa nampa dada anayefua shilingi 200. Nakiri hilo mapema kabla hajatokea mtu wa kunikumbusha. Mgeni alitoa 2,000 akidhani analipa mikono iliyosugua choo, na mikono hiyo ikapokea 200. Zilizobaki tuligawana mimi na mwenye nyumba, mimi makombo, yeye mkate.

Kazi yenyewe haikuwa na saa. Mgeni wa ndege anaingia saa tisa mchana, wa treni alfajiri, wa basi la Malindi wakati wowote Mungu apendapo. Tokeni za stima zikiisha saa sita usiku, napigiwa mimi. Maji yakikatika, mimi. Na hata yasipokatika, ni maji ya kisima yenye chumvi, kama yalivyo kwenye majengo mengi ya huku, kwa hiyo kabla ya kila mgeni nilimwita mtu wa mkokoteni alete mitungi ya lita 20 ya maji matamu, nikaipandisha orofa ya nne, mmoja mmoja, ili mgeni apate ya kuoshea nywele. Nikaeleza jinsi ya kuwasha mtungi wa gesi. Nikaeleza kwa nini muadhini huita watu alfajiri, na kwamba hapana, hatuwezi kumwomba apunguze. Nikaua mende. Nikambembeleza bibi mmoja wa Kanada aliyelia kwa sababu mbwa wake huko kwao alikuwa amekufa. Nilikaa naye barazani, pale kwenye kibaraza cha fleti kinachotazama mbuyu, mpaka akaacha kulia. Kazi hiyo nayo haina bei wala risiti.

Na bado sijafika kwenye sehemu inayonichoma. Ujumbe wote kwa wageni niliuandika mimi. Mwenye nyumba alinipa neno la siri la akaunti yake, nikawa naandika kwa jina lake, kwa sauti aliyoipenda: ya kirafiki, isiyo na haraka, yenye "karibuni sana" na kidoto cha ucheshi. "Pole sana kwa kuchelewa kwa ndege, mimi nitakuwepo." Nitakuwepo! Nani? Wageni wakaanza kuandika kwamba mwenyeji huyu ana maneno mazuri, anajibu upesi, anaijua Mombasa kama kiganja chake. Programu ikampa alama ya mwenyeji bora. Alinitumia picha ya alama hiyo na vikatuni vitatu vya kupiga makofi. Hakuandika kitu kingine.

Najua kuandika kwa jina la mtu mwingine. Ndiyo kazi yangu. Ila nilipomwandikia mtu wasifu wa marehemu baba yake, kila mtu aliyekuwa kaburini alijua kwamba baba ni wake. Hapa niliuziwa jina la kazi yangu mwenyewe, kisha nikaambiwa nishukuru.

Sasa turudi kwenye neno. Mwenyeji, tulifundishwa tangu shule ya msingi, ni mwenye mji. Mtu anayejua kisima kiko wapi na mlango upi hupigwa hodi. Methali nayo inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Babu zetu hawakuona aibu kusema kwamba mgeni anakuja na tiba, yaani anakuja na faida. Kwa hiyo asije mtu kuniambia natamani zamani za ukarimu wa bure. Pwani hii haijawahi kuwa na ukarimu wa bure. Ibn Battuta alipopita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1331, alieleza jinsi chombo kilivyokaribia Mogadishu, vijana wa mji wakakijia kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana akimpa mfanyabiashara sahani ile na kutamka kuwa huyu ni mgeni wangu, basi imekwisha: mgeni atashukia kwa huyo na si kwingine, na mwenyeji ndiye atakayemuuzia bidhaa zake na kumnunulia anachotaka. Mtu akimpunja mgeni, au akafanya naye biashara mwenyeji hayupo, biashara hiyo haihesabiki. Baada ya hapo akafika Mombasa, akalala usiku mmoja, akaendelea Kilwa.

Soma tena pale: mwenyeji hayupo, biashara haihesabiki. Miaka karibu 700 iliyopita watu wa pwani hii walikuwa wanafanya biashara ya wageni kwa masharti, na sharti la kwanza lilikuwa kwamba mwenyeji awepo. Faida ilikuwa yake kwa sababu mzigo wa mgeni ulikuwa wake pia. Sahani ya chakula na faida vilikuwa kwenye nyumba moja.

Hata hawa wa siku hizi walianza hivyo. Airbnb ilizaliwa San Francisco mwaka 2007 na 2008, vijana wawili wakiwa wameshindwa na kodi ya nyumba. Wakatandika magodoro ya kujaza hewa sebuleni kwao na kuyakodisha kwa waliokuja kwenye mkutano wa wabunifu. Walilala kwenye nyumba ile ile na wageni wao. Walipika kifungua kinywa. Hiyo mimi naielewa. Ni dada yako wa Likoni anayekodisha chumba kimoja ili alipe karo ya mtoto. Lakini baadaye neno lilibaki pale pale na kitu chenyewe kikahama. Leo mtu ana fleti sita Nyali na tatu Diani, anaishi Nairobi au Dubai au Milano, hajawahi kukutana na mgeni hata mmoja, na kwenye programu zote bado anaitwa mwenyeji. Mwenye mji! Wakati ukimshusha Kongowea hajui kushoto ni wapi.

Baba yangu mdogo alikuwa mhudumu wa vyumba kwenye hoteli moja ya ufukwe wa kaskazini. Yeye ndiye aliyenifundisha kukunja taulo zikawa kama bata wawili wanaobusiana, ujinga ambao wageni wanaupenda mno. Hoteli haikuwa pepo. Alilalamika kila siku, kuhusu meneja, kuhusu zamu, kuhusu chakula cha wafanyakazi. Lakini alikuwa na hati ya mshahara. Alikuwa na NSSF. Alikuwa na chama cha wafanyakazi, KUDHEIHA, ambacho kilikaa mezani na matajiri. Alikuwa na kibandiko kifuani chenye jina lake, na mgeni aliyetaka kumshukuru alijua amshukuru nani. Mei 2014, Uingereza ilipowaonya raia wake wasije Mombasa, kampuni za utalii zikawapandisha wageni wao ndege warudi kwao, na vitanda vikabaki vitupu. Baba mdogo alipoteza kazi mwaka huo. Aliondoka na barua na kiinua mgongo kidogo. Kilikuwa kidogo kweli, lakini kilikuwepo.

Nilipomweleza kazi yangu ilivyo, aliniuliza swali moja tu: "Wakikufukuza, utaonyesha nini?"

Nilikuwa na jibu la sheria, kwa sababu niliitafuta. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja, anahesabiwa mwajiriwa wa mwezi, hata kama hakuna aliyemwambia. Kifungu cha 9 kinataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe kwa maandishi, na kinampa mwajiri jukumu la kuuandika. Kwa hiyo mimi nilikuwa mwajiriwa halali kwa miezi 13 bila kujua. Mwenye nyumba naye alikuwa mwajiri bila kujua, au bila kutaka kujua. Nilipomgusia mkataba alicheka kwa upole, akaniambia, "Ah, kaka, sisi si ni kama familia?" Familia gani isiyokujua jina la mama yako?

Jengo lile lilikuwa na fleti nane. Nilipoanza, moja tu ilikuwa ya wageni. Nilipoondoka, zilikuwa tano. Orofa ya pili aliishi mwalimu wa shule ya msingi na mkewe na watoto watatu, wamekaa pale miaka 11. Wao ndio walionipa kiti cha kukaa siku nilipokuwa nangoja wageni waliochelewa saa nne. Mwalimu alikuwa analipa kodi ya shilingi 18,000 kwa mwezi, na kila mara kwa wakati. Mwenye fleti yake alipopiga hesabu ya usiku tatu, akaona mwalimu ni hasara. Akampa notisi ya miezi miwili, kihalali kabisa. Walihamia Kisauni ndani, mbali na barabara, na watoto wakabadilisha shule katikati ya mwaka.

Sasa sikiliza nilichofanya mimi. Wiki moja baada ya wao kuhama, mwenye fleti ile alinipigia. Amesikia naandika vizuri. Shilingi 500, akanitumia picha. Sebule ile ile, ukuta ule ule, wamepaka rangi nyeupe na kutundika ukili na kapu la Lamu pale palipokuwa na kalenda ya mwalimu. Nikaandika. Nikaandika kwamba mtaa ni mtulivu, majirani ni watu wa tabasamu, na kwamba hapa mgeni hatakuwa mtalii, ataishi kama mwenyeji. Ishi kama mwenyeji! Nilitumia sentensi hiyo kwenye matangazo kama 30, kwa sababu wateja waliipenda. Mwenyeji mwenyewe alikuwa ameshapakia kabati lake kwenye kibelo akaenda. Nilimsaidia hata kushusha friji ngazini. Akanishukuru, "Ahsante mwanangu." Na ile 500 nililia.

Watu wa serikali nao walijitokeza, kwa njia yao. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa Nairobi, kwa nyakati tofauti katika mwezi huo mmoja, kwenye nyumba za kukodisha kwa siku. Tarehe 27 maelfu ya watu waliandamana kupinga mauaji ya wanawake. Mamlaka ya Kudhibiti Utalii ikataka nyumba hizi zisajiliwe. Sawa, zisajiliwe, hata jana zingesajiliwa. Lakini huku chini agizo lile lilishuka namna hii: nilitumiwa ujumbe kwamba kuanzia leo piga picha kitambulisho cha kila anayeingia, tena uangalie anayeonekana vibaya. Basi. Nikawa mpokeaji, mfuaji, mwandishi, na sasa askari. Kwenye simu yangu, si ya mtu mwingine, nikawa na picha za pasipoti za watu wa nchi 20. Jambo baya lingetokea usiku, polisi wangeanza na mwenye ufunguo. Jina langu halikuwa kwenye tangazo, wala kwenye mkataba, wala kwenye maoni, lakini kwenye kitabu cha polisi lingeandikwa la kwanza.

Miji mingine imeamka. New York, tangu Septemba 2023, inatekeleza sheria kwamba ukikodisha nyumba kwa siku zisizofika 30 lazima ujisajili, uwepo mwenyewe mgeni akiwepo, na wageni wanaolipa wasizidi wawili. Barcelona ilitangaza Juni 2024 kwamba ifikapo Novemba 2028 haitakuwa tena na leseni hata moja kati ya 10,101 za fleti za watalii, kwa sababu watu wake wamekosa pa kuishi. Sisemi tunakili. Mombasa si Barcelona, na sisi tuna njaa ya wageni ambayo wao hawana. Kenya ilipokea wageni wa kimataifa karibu milioni 2.4 mwaka 2024, na ukiuliza hoteli zilizofungwa ufukweni zitakwambia bado hawatoshi. Lakini angalia New York imetaka nini. Imetaka mwenyeji awepo. Wazee waliokwenda na sahani zao mashuani wangeielewa sheria hiyo bila mkalimani.

Najua nitakavyojibiwa, maana nilishajibiwa barazani na kwenye vikundi.

Watasema bila fleti ile ningekuwa sina kazi. Ni kweli. Na bila mimi fleti ile ingekuwa haina nyota. Kwa nini shukrani iende upande mmoja?

Watasema mwenye nyumba alichukua mkopo wa benki, ana presha yake. Namhurumia, sitanii. Amenunua saruji na vigae, na ni haki yake apate kodi ya saruji na vigae. Ninachomkatalia ni faida ya ukarimu ambao hakuutoa. Aitwe mwenye nyumba. Ni jina zuri, lina heshima yake, na limekuwepo siku zote.

Watasema nachukia wageni. Yule bwana wa Ujerumani alinipa mkono kwa mikono miwili siku anaondoka, macho yamelowa, akaniuliza kama anaweza kuandika jina langu kwenye maoni. Nilimwambia aandike la mwenye akaunti, kwa sababu nilikuwa nimeagizwa hivyo: wageni wasichanganyikiwe. Kwa hiyo kosa halikuwa lake. Aliuliza, na aliyefuta jina langu ni mimi, kwa mdomo wangu.

Basi nasema ninachokitaka, na si kikubwa. Ada ya usafi iende kwa aliyesafisha, yote, au iondolewe hilo jina. Leseni ya kaunti iulize, pamoja na idadi ya vitanda, nani anashika ufunguo, analipwa ngapi, na mkataba wake uko wapi. Na asiye na mkataba wa mtu wa ufunguo asipewe leseni. Anayekodisha chumba nyumbani mwake anakolala apewe nafuu, na mwenye fleti kumi asihesabiwe pamoja naye, kwa sababu mmoja ni mwenyeji na mwingine ni kampuni. Na programu, ambazo zinaweza kujua umbali wa fleti na bahari mpaka mita ya mwisho, ziweke jina la mtu atakayefungua mlango. KUDHEIHA nayo itoke hotelini ije orofani, kwa sababu wanachama wake wamehamia huku na hawana pa kulipia michango.

Na wewe mgeni, au wewe Mkenya unayekuja likizo Desemba, ukifunguliwa mlango uliza jina. Kisha uliandike, hata ukiambiwa usiliandike.

Mimi niliondolewa kwa sababu ya chumvi. Mgeni mmoja, aliyekaa usiku mbili, aliandika kwamba maji ya bafu yaliharibu nywele zake, akatoa nyota tatu. Mtu wa mkokoteni hakuja siku ile, alikuwa mgonjwa, na mimi sikupata mwingine. Mwenye nyumba alipoteza ile alama ya mwenyeji bora. Akaniandikia ujumbe mrefu wa upole unaosema anabadilisha mfumo, akanitumia shilingi 4,000 za wiki ambazo hazijaisha. Niliusoma ule ujumbe mara mbili nikaona umeandikwa vibaya. Nikajikuta naurekebisha kichwani.

Mfumo mpya ni kufuli ya namba mlangoni. Mgeni anatumiwa tarakimu sita, anajifungulia. Hakuna wa kumlipa 12,000. Lakini tangazo hawajalibadilisha, bado ni maneno yangu, na linasema kwamba utapokewa mlangoni na mwenyeji wako kwa glasi ya maji ya dafu.

Juzi nilipita pale saa tatu usiku nikienda kumsalimu mtu. Wazungu wawili walikuwa wamesimama langoni, simu zao zinamulika nyuso, wanatafuta tarakimu. Lifti ilikuwa imekwama tena. Askari wa jengo, mzee wa makamo ya baba mdogo, analipwa kulinda lango na si kitu kingine, alikuwa ameshaweka rungu lake chini na kulitupia sanduku la kwanza begani, anawaonyesha ngazi kwa tochi. "Karibuni, karibuni," anawaambia. Nikachukua la pili.